Naongoza kwa mauaji, mbona hatushindi?

Mpendwa Mshauri,

Nacheza Counter-Strike 2, gemu ya kufyatuliana risasi ya timu mbili za watu watano, moja ikitega bomu na nyingine ikilinda, na nimeshatimiza saa 1,400. Kwa miezi minane sasa alama zangu za Premier, yaani mechi zake za ushindani, ni panda-shuka kati ya 9,000 na 11,000. Kila nikiikaribia 11,000 napangiwa watu ambao sijui walijifunzia wapi kushika kipanya.

Sisemi haya kwa majivuno. Mechi nyingi mimi ndiye wa kwanza kwenye ubao wa timu yetu, mauaji kama 20 kwa wastani. Silaha yangu ni AWP, bunduki ya kudungua yenye darubini, naichukua kila ninapoweza kwa sababu mwingine akiishika anaipoteza tu. Wenzangu wanaingia eneo la bomu na kufa kama kuku, na karibu kila raundi najikuta nimebaki peke yangu dhidi ya watatu au wanne. Naua wawili, raundi inapotea vilevile.

Jumamosi tulifungwa 13-11 kwenye ramani ya Mirage. Raundi ya 24, ubao unasoma 12-11 yao, tuko upande wa kulinda. Nimemuua wa mwisho, bomu linalia, na kati ya watu watano hakuna hata mmoja aliyenunua koleo la kutegulia! Nikaanza kutegua, likalipuka kabla sijamaliza. Hao hao walikuwa wananitukana tangu raundi ya 8 kwa sababu niliwaambia ukweli kuhusu uchezaji wao, nikazima maikrofoni zao zote.

Nitapandaje wakati wenzangu ndio wanaonivuta chini? Nifungue akaunti mpya nianze upya, au nihamie gemu nyingine?

Nimechoka Kubeba

*

Ndugu Nimechoka,

Tuanze na koleo. Bomu likishategwa hulipuka baada ya sekunde 40. Asiye na koleo hutegua kwa sekunde 10, mwenye nalo kwa sekunde 5. Bei yake ni dola 400 za mchezoni, sawa na mabomu mawili ya mwanga. Tena ilikuwa raundi ya 24. Mkishinda ni 12-12 na muda wa nyongeza, ambao huanza na pesa mpya. Mkishindwa mechi imekwisha. Dola yoyote iliyobaki mfukoni mwa mtu yeyote raundi ile haikuwa na kazi tena. Unasema kati ya watu watano hakuna aliyenunua. Umehesabu vizuri, ila mmoja wa hao watano ni wewe.

Hatusemi hivyo kukusuta. Tumeanzia hapo kwa sababu barua yako yote imeandikwa kwa jicho hilohilo: kosa likiwa la watano, wewe unaona la wanne.

Kwamba wenzako wanakosea, hatubishi. Kwenye alama 10,000 watu hufyatua huku wanakimbia, huchungulia kona ileile ambayo mwenzao amedunguliwa sasa hivi, hurusha bomu la moshi likagonga ukuta na kuwarudia miguuni. Lakini walio upande wa pili nao wako alama hizohizo na wanafanya yaleyale. Upande wako kuna watu 4 wa kubahatisha, upande wao kuna 5. Mechi moja bahati inaweza kukutupa vibaya sana. Mechi 200 haiwezi kukuandama wewe tu.

Kinachodanganya ni kwamba bahati mbaya huja kwa mafungu. Mchezaji ambaye kila mechi ana nafasi nusu kwa nusu, akicheza mechi 200, atapitia mfululizo wa kufungwa mara 5 au zaidi kama mara 3 hivi, bila mtu yeyote kumhujumu. Na mchezaji ambaye kwa kiwango chake anastahili kushinda 11 kati ya kila 20, kuna nafasi kama 1 kati ya 8 kwamba fungu lake la mechi 20 litatoka na ushindi 8 au pungufu. Ndiyo maana wikendi moja mbaya haikuambii kitu, na wikendi moja nzuri vilevile. Miezi minane inakuambia.

Sasa tuisome barua yako tena, maana umejipima mwenyewe bila kujua.

Unasema karibu kila raundi wewe ndiye wa mwisho kubaki. Umelichukulia hilo kama ushahidi kwamba wenzako ni wabovu. Sisi tunalisoma kwamba uko mbali nao. Uti wa mgongo wa mchezo huu ni kulipiza: mwenzako akiuawa, wewe umuue aliyemuua ndani ya sekunde 2 au 3, kabla hajajificha, hajajaza risasi wala kugeukia upande wako. Kifo kilicholipizwa ni wanne kwa wanne, raundi bado ya wote. Kisicholipizwa ni wanne kwa watano, na cha pili kikifuata hivyohivyo raundi imeshainama. Mtu anayeingia eneo la bomu wa kwanza anatarajiwa kufa mara nyingi, hiyo ndiyo kazi yake, na inakuwa na thamani pale tu anapokuwepo wa pili. Inaelekea wa pili alipaswa kuwa wewe.

Chukua Mirage yenyewe. Mnashambulia A, moja ya maeneo mawili ya bomu (jingine ni B), mwenzako anatokea sehemu iitwayo Ramp, wewe uko Palace au umebaki katikati ya ramani unasubiri mtu apite kwenye darubini. Anapigwa na aliye Jungle au Stairs. Ulipo humwoni muuaji, na ukifika mahali pa kumwona ameshahama. Halafu unacheza mmoja dhidi ya wanne, unaua wawili, ubao unakupa sifa. Mauaji hayo mawili yamekuja wakati raundi imeshaamuliwa. Ubao hauandiki saa ya mauaji, nao ndio udhaifu wake mkubwa. 20 zako zinaweza kuwa na uzito mdogo kuliko 13 za mtu aliyeua wa kwanza au aliyelipiza.

Dawa yake haina siri. Chagua mtu mmoja kila raundi, ikiwezekana yule mwenye haraka, umfuate hatua 3 au 4 nyuma. Usimfuate kwenye mstari mmoja naye, kaa pembeni kidogo, la sivyo mtamwagiwa risasi za bunduki moja wote wawili, au utamzibia njia anapotaka kurudi. Kabla hajatoka mrushie bomu la mwanga juu ya kona. Ni dola 200, na mara nyingi lina faida kwa raundi kuliko risasi zako zote. Akianza kufyatua, toka. Usisubiri kuona kama atashinda. Hapo ndipo wengi huharibu: wanamfuata vizuri kabisa, kisha wanasimama kumtazama.

Pili, AWP. Bunduki hiyo ni dola 4,750. Ongeza fulana ya kinga na kofia, 1,000, umefika 5,750 na bado hujanunua hata bomu moja la moshi, achilia mbali koleo. Mwenye bunduki ya kawaida ya AK-47 ametumia 2,700 na 1,000, jumla 3,700. Adui mmoja aliyeuawa kwa AWP anakulipa 100, kwa AK-47 anakulipa 300. Fidia ya kupoteza raundi huanzia 1,400 na kupanda kwa 500 hadi 3,400, maana yake hata fidia ya juu kabisa haifiki bei ya AWP. Ukiipoteza mara mbili karibu karibu, uchumi wako unaachana na wa timu: wao wanapokuwa tayari kununua wewe huna kitu, na wewe unapokuwa nacho wao wanabana pesa. Timu ya watu watano ambayo mmoja wao yuko kwenye kalenda yake ya pesa ni timu ya watu wanne na nusu.

Kwa hiyo iweke kando kwa wiki mbili, ucheze na AK-47 mkishambulia na M4 mkilinda. Baada ya hapo irudie kwa masharti: kama kununua AWP na kinga hakukuachii pesa ya mabomu mawili, au ya koleo mkiwa mnalinda, acha. Na timu ikibana, nawe bana, hata kama mfukoni una 5,000. Kuna jambo moja tunalokutetea hapa. Kujificha ili kuiokoa AWP mkibaki mmoja dhidi ya wanne ni uamuzi sahihi mara nyingi, hata wenzako wakipiga kelele. Shida huanza pale mtu anapoanza kuwaza kuiokoa wakati bado ni watatu kwa wanne.

Hayo ni yale tuliyoyaona kwenye barua tu. Yaliyobaki yako kwenye rekodi za mechi zako.

Pakua rekodi 3 za mechi ulizoshindwa kwa karibu, kama 13-9 au 13-11, zote za ramani moja. Ulizofungwa 13-3 ziache, ndani yake kila kitu kimeharibika na hutajua uanze wapi. Ulizoshinda ziache pia kwa sasa. Usiangalie mechi nzima. Ruka hadi kila kifo chako, rudi nyuma sekunde 10, kisha tazama kwa macho yako mwenyewe: zima ile hali ya kuona watu kupitia ukuta, maana ukiiacha utajihukumu kwa mambo usiyoweza kuyajua wakati ule, au utajisamehe kwa kudhani uliyajua. Mechi moja ina vifo 15 hadi 18 hivi, kwa hiyo rekodi 3 zitakupa karibu vifo 50. Ni kazi ya saa moja na nusu. Inachosha kuliko kucheza, na watu wengi hawaifanyi kwa sababu hiyo.

Kila kifo kipe sababu moja kwenye karatasi, kwa maneno machache. Sababu zinazojirudia kwenye kiwango chako tunazijua. Nilikuwa peke yangu, hakuna wa kunilipiza. Nilichungulia mahali panapoonekana na watu wawili kwa wakati mmoja. Nilipiga nikakosa, nikajificha, nikachungulia tena palepale. Ule msalaba mdogo wa kulengea ulikuwa unaangalia sakafu. Nilifyatua kabla sijasimama. Nilikimbia wakasikia hatua zangu. Nilikuwa najaza risasi mahali pa wazi baada ya kutumia risasi 6 tu. Sikuwa na bomu wala koleo kwa sababu ya ununuzi wangu.

Sababu moja tu hairuhusiwi kuandikwa: timu. Hata pale mwenzako alipoacha mlango wazi ukapigwa mgongoni, swali liwe ulikuwa na taarifa gani kwamba mlango umeachwa. Ramani ndogo pembeni ya skrini ilimwonyesha mwenzako ameondoka sekunde ngapi kabla? Mara nyingi utakuta 5 au 6, na hukuitazama. Ukikuta kweli hakukuwa na dalili yoyote, andika “bahati” na uendelee. Katika vifo 50 “bahati” ikizidi 8 au 9, unajionea huruma, hesabu upya.

Ukimaliza, sababu moja itakuwa imezipita nyingine. Hiyo ndiyo kazi yako ya wiki mbili, na usiongeze ya pili. Hapa ndipo watu huharibu kwa namna nyingine: karatasi inawaambia wanakufa peke yao mara 19, wao wanakwenda kwenye mazoezi ya shabaha kwa sababu ndiyo yanayofurahisha. Tunadhani wewe shabaha unayo ya kutosha kwa alama 13,000. Kama karatasi itatukanusha, iamini karatasi.

Ikitokea ni shabaha, kuna mambo mawili ya kufanyia kazi na mengine yasubiri. La kwanza ni kimo cha msalaba. Unapotembea uwe pale ambapo kichwa cha adui kitatokea, karibu na ukingo wa kona lakini si juu ya ukingo wenyewe, maana ukiubana sana adui anatokea akiwa ameshaupita. AK-47 huua kwa risasi moja ya kichwa hata aliyevaa kofia, kwa hiyo kimo pekee kinaweza kukupa nusu ya mapambano. La pili ni kusimama. Ukiwa unakwenda kushoto kisha unaachia tu kitufe, mwili unateleza kidogo na risasi inakwenda kombo; gusa kitufe cha kulia kwa kitambo kifupi usimame papo hapo, ndipo ufyatue. Fanya hivyo dakika 15 kwenye mechi za mazoezi zisizo na timu, kila mtu na lake, kabla ya Premier, bila kutazama ubao. Ukijali idadi ya mauaji kwenye mazoezi, mkono unarudia uliyozoea. Na kasi ya kipanya usiiguse. Kila ukiibadilisha unaanza kuzoea upya, kisha wiki hiyo nzima unaitumia kama kisingizio.

Sasa hilo la kuwaambia ukweli. Unaweza kuwa ulisema kweli tupu, lakini fikiria ulilipwa nini. Kuanzia raundi ya 8 hadi ya 24, raundi 17, hukusikia kwamba wawili wameonekana B, wala kwamba bomu limeangushwa Connector. Mtu aliyepondwa katikati ya mechi hachezi vizuri zaidi raundi inayofuata. Anacheza ili akuonyeshe, au anaacha kujali. Mafunzo hayawezekani katikati ya mechi na mtu usiyemjua. Kinachowezekana ni taarifa, na taarifa nzuri ni fupi: wangapi, wapi, ameumia kiasi gani. “Wawili Palace, mmoja kapigwa 80.” Umekufa? Sema hiyo, kisha nyamaza, maana aliyebaki anasikiliza hatua za miguu.

Kwenye sekunde za kununua, badala ya kumwambia mtu afanye nini, mwambie wewe utafanya nini. “Natoka nyuma yako Ramp, nakurushia mwanga, toka ukisikia umelipuka.” “Nina koleo, msikimbilie kutegua.” Hata timu ya watu wasiozungumza hufuata mwenye mpango mdogo unaoeleweka. Mwenye matusi mzime, huyo peke yake, na endelea kutumia alama za kuonyesha mahali kwenye skrini. Anayeacha mechi, anayefyatulia wenzake makusudi au anayetumia programu za udanganyifu, mripoti na usiitie mechi hiyo kwenye hesabu yako. Zipo, na huwezi kujifunza kitu ndani yake.

Hukutuambia unacheza mechi ngapi kwa mkao mmoja, ila mtu aliyekasirika tangu raundi ya 8 na bado yuko mezani tunamfahamu. Mechi 2 au 3 zinatosha. Ukifungwa 2 mfululizo, funga kompyuta au nenda kwenye rekodi. Sababu ni ya kawaida tu: mechi ya tatu ya hasira unaanza kuchungulia mapema na kuacha kusubiri bomu la mwenzako, na vifo vya namna hiyo vinakuchafulia hata karatasi.

Akaunti mpya haitakusaidia. Utahitaji kushinda mechi 10 kabla namba haijaonekana, kisha itasogea hadi ikukute ulipo, kwa sababu anayekaa nyuma na AWP bila koleo ni yuleyule. Kuhama gemu ni hiari yako ukitaka kitu kipya. Ukihama kwa kuwakimbia wenzako, kila gemu ya timu utakayoikuta itakupanga na watu pia.

Rekodi za mechi hazikai milele, hufutwa baada ya muda. Ile ya Jumamosi ipakue leo, na uanze na raundi ya 24: rudi hadi sekunde za kununua, usimamishe, utazame ulibaki na dola ngapi.